Stesheni Kwanza, Mandhari Baadaye: Makao ya Msafiri wa Pekee katika Pwani ya Italia

Wahenga walinena kwamba mtembezi hula miguu yake. Methali hii aghalabu hutumiwa kumwonya mzururaji asiye na kazi, lakini imebeba maana nyingine ambayo msafiri wa leo angefaa kuizingatia. Anayetegemea miguu yake huila kidogo kidogo kila siku, na asipoamua mapema ni wapi atakapoipumzisha, itamwishia njiani. Kwa msafiri anayekwenda peke yake katika pwani ya Italia, tena bila gari, swali la ataona nini lina majibu mengi na yote ni mazuri. Swali gumu ni atalala wapi.

Wengi hulijibu swali hili vibaya, na chanzo cha kosa lao ni picha. Ni nani asiyepata kuiona Positano katika kalenda, nyumba zake za rangi ya waridi na manjano zikiwa zimepandana juu ya genge? Ni nani asiyeijua Vernazza na kibandari chake, au Portofino na mashua zake za kitajiri? Msafiri huiona picha, akaipenda, akalipia chumba ndani ya picha ile ile. Siku anayowasili, begi mgongoni na jua likizama, ndipo anapobaini kwamba picha haikuonyesha vidato vya kupanda, wala foleni ya basi, wala kimya cha usiku ambapo chombo cha mwisho kimekwisha kuondoka. Makala haya yanashikilia kwamba msafiri wa namna hii achague mji wenye stesheni ya reli na wenye maisha ya watu wake wenyewe, kisha vile vijiji vya kwenye picha avizuru mchana na kurejea jioni.

Yafaa kwanza iondolewe dhana kwamba asiye na gari ni wa kuhurumiwa. Katika pwani hii, mwenye gari ndiye mwenye mashaka. Barabara nambari 163 inayoambaa na pwani ya Amalfi ni nyembamba na yenye kona zisizohesabika, kiasi kwamba tangu mwaka 2022 magari hupitishwa kwa zamu siku za msongamano, kwa kufuata tarakimu ya mwisho ya nambari ya usajili. Mitaa ya kale ya miji mingi imefungiwa magari ya wageni, na kamera zilizowekwa humo humletea dereva faini hata baada ya yeye kurudi kwao. Reli, kwa upande wake, ilifika pwani hii zamani. Reli ya kwanza kabisa ya Italia ilifunguliwa mwaka 1839 kati ya Napoli na Portici, kandokando ya bahari, miaka zaidi ya ishirini kabla ya Italia yenyewe kuungana na kuwa taifa moja mwaka 1861. Ile ya kutoka Genova hadi La Spezia ilikamilika mwaka 1874, ikipenya mwambani kwa mahandaki mengi, na kuvifikia vijiji ambavyo awali vilifikiwa kwa mashua na kwa njia za nyumbu. Kwa hivyo asafiriye kwa treni anaipita pwani kwa mlango wake wa mbele.

Hata hivyo, reli hiyo haikufika kila mahali, na hapa ndipo uteuzi wa makao unapokuwa jambo zito. Chukua mfano wa pwani ya Amalfi, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1997. Baina ya Sorrento na Vietri sul Mare hakuna reli hata kidogo. Anayelala Positano aghalabu hufika Sorrento kwa treni ya kutoka Napoli, kisha hupanda basi linalopinda na mlima, au hungoja boti. Majira ya kiangazi mabasi hujaa, na aliyesimama kituo cha katikati huweza kuona basi likimpita. Boti nazo husafiri kwa wingi kati ya Aprili na Oktoba. Nje ya miezi hiyo huwa haba au hazipo, na hata ndani ya msimu, bahari ikichafuka haziondoki. Wawili waliokwama huweza kuchangia nauli ya teksi na kucheka. Aliyekwama peke yake hulipa yote, na pengine hana hata wa kumlindia begi aende akaulize.

Kinyume cha hayo, tazama Salerno. Mji huu uko mwisho wa pwani hiyo hiyo, upande wa mashariki, na treni za kasi kutoka Roma na Napoli husimama hapo. Anayeshuka stesheni hutembea dakika chache tu hadi gati ya Piazza della Concordia, ambapo boti za msimu huondoka kwenda Amalfi na Positano. Bahari ikichafuka, basi la Amalfi lipo. Vietri, mji wa wafinyanzi na vigae vya rangi, una stesheni yake jirani na hapo. Kusini, treni ya kawaida humfikisha Paestum katika muda wa nusu saa hivi, akasimama mbele ya mahekalu ya Wayunani yaliyojengwa takriban miaka mia tano kabla ya Kristo. Kaskazini, Pompei inafikika kwa treni pia. Ni dhahiri kwamba aliyekaa Salerno ana njia nne za kwenda na za kurudi, ilhali aliyekaa Positano ana moja na nusu.

Isitoshe, Salerno si mji wa kulala tu. Katika Zama za Kati ulikuwa na shule ya utabibu iliyovuma Ulaya nzima. Hekaya inasimulia kwamba shule hiyo iliasisiwa na mabwana wanne: Mlatini, Myunani, Myahudi na Mwarabu. Hekaya ni hekaya, ila inajulikana kwamba katika karne ya 11 Konstantino Mwafrika, mzaliwa wa Afrika Kaskazini, alifika huko na kufasiri vitabu vya utabibu kutoka Kiarabu hadi Kilatini. Mwanafunzi wa Kiswahili, lugha iliyokopa mengi kutoka Kiarabu, hatakosa la kutafakari akitembea katika vichochoro vya mji uliojengewa sifa na tafsiri. Picha ya kalenda haikumwambia hayo.

Tukigeukia kaskazini, pwani ya Liguria, hoja hii inakabiliwa na kikwazo ambacho hakifai kufichwa. Mpinzani atauliza: mbona vijiji vyote vitano vya Cinque Terre, yaani Monterosso, Vernazza, Corniglia, Manarola na Riomaggiore, vina stesheni? Kwa nini basi asilale humo? Swali hili ni la haki, na linaonyesha kwamba stesheni peke yake haitoshi kuwa kigezo. Stesheni ni sharti la kwanza. La pili ni kwamba mji uwe unaishi.

Vijiji hivi vilitangazwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1997, na hifadhi ya taifa ikaundwa mwaka 1999. Kilichoenziwa humo hasa ni kazi ya mikono: matuta ya mizabibu yaliyoshikiliwa na kuta za mawe yasiyotiwa saruji, zilizojengwa na wakulima karne baada ya karne. Kuta hizo hudumu zikitengenezwa kila mwaka. Mkulima akizeeka na mwanawe akaona faida zaidi katika kukodisha chumba kuliko katika kubeba mawe, tuta huachwa, na tuta lililoachwa huporomoka. Tarehe 25 Oktoba 2011 mvua kubwa ilileta mafuriko ya matope yaliyozika mitaa ya Vernazza na Monterosso na kuua watu. Mwaka uliofuata mawe yaliwaangukia watalii katika njia mashuhuri ya kati ya Riomaggiore na Manarola, ikafungwa, na haikufunguliwa tena kikamilifu hadi mwaka 2024. Haitakuwa haki kumtwika mgeni mmoja lawama ya mvua. Lakini kila nyumba inayogeuzwa chumba cha wageni ni nyumba isiyolala mkulima, na msafiri mwenye busara anapaswa kujiuliza kitanda anachokilipia kilikuwa cha nani.

La Spezia iko upande wa pili wa mlima, chini ya dakika kumi kwa treni kutoka Riomaggiore. Ni mji wa wanamaji na wa makuli. Karakana yake kubwa ya meli za kivita ilizinduliwa mwaka 1869, na vitabu vya watalii huupita kwa sentensi moja. Ila una soko lenye paa katika Piazza Cavour, ambapo wenyeji hununua samaki na mboga asubuhi. Una mabasi ya kwenda Lerici, ng'ambo ya ghuba ambayo mshairi Mwingereza Percy Bysshe Shelley aliishi kando yake kabla ya kuzama baharini mwaka 1822. Una treni za kwenda vijijini mara nyingi kwa siku, na nyingine za kwenda Genova na Pisa. Njia ya miguu ikifungwa kwa maporomoko, siku ya msafiri haijapotea. Anayetaka udogo zaidi ana Levanto, mji wa pwani ulio mwisho wa pili wa vijiji hivyo, wenye ufuo mpana na stesheni. Anayetaka kukaa wiki mbili au tatu ana Genova yenyewe, jiji lenye lifti na reli za kupandia vilima zinazotumiwa na wenyeji kama mabasi, na ambalo treni zake huenda Camogli na Santa Margherita Ligure. Kutoka Santa Margherita, Portofino isiyokuwa na stesheni hufikika kwa basi, kwa boti au kwa miguu. Huko Genova ndiko alikozaliwa mwaka 1896 mshairi Eugenio Montale, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1975, na ambaye utotoni alipisha majira ya kiangazi Monterosso. Naye, kwa hakika, alikuwa mtu wa mjini aliyekwenda kijijini kwa msimu.

Kanuni hiyo hiyo inafaa pembe nyingine za nchi. Katika pwani ya Adriatiki, Bari huwa makao bora kuliko Polignano a Mare, kwani treni ya takriban nusu saa humpeleka msafiri kwenye magenge ya Polignano na kumrudisha. Sisilia, stesheni ya Taormina iko chini kando ya bahari ilhali mji wenyewe uko juu mlimani, mita mia mbili hivi, na mwenye begi zito atalijua hilo kwa magoti yake.

Wapo watakaosema kwamba uzuri wa kijiji huonekana jioni, pindi makundi ya mchana yanapoondoka, na kwamba anayerudi La Spezia saa kumi na mbili huukosa uzuri huo. Ni kweli, na haifai kukana. Lakini treni ya jioni ipo, na msafiri anaweza kula machweo Vernazza na bado akalala La Spezia. Akitamani zaidi, na achukue usiku mmoja kijijini akiwa na mfuko mdogo, huku mzigo wake mkubwa ukibaki mjini. Usiku mmoja wa kuchagua ni starehe; usiku saba wa kufungwa ni kifungo. Wengine watasema kwamba miji ya bandari ni michafu na ya hatari. Bandari zote za dunia zina vichochoro vya kuepukwa usiku, na Wapwani wetu wanalijua hilo. Hata hivyo, kwa mtu aliye peke yake, hasa mwanamke, barabara yenye taa, maduka na akina mama wanaorudi sokoni ina usalama ambao ngazi tupu za kijijini hazina baada ya mgahawa wa mwisho kufungwa.

Suala la upweke ndilo linalosahauliwa mno. Anayesafiri na mwenziwe hubeba mazungumzo yake. Anayesafiri peke yake huyategemea ya wenyeji. Katika kijiji cha watalii kila anayemsemesha anamuuzia kitu, tena kwa Kiingereza. Katika mji unaoishi, siku ya tatu mwuza matunda ameshamjua, siku ya nne anamsahihisha matamshi. Huko La Spezia kuna chakula cha kimaskini kiitwacho mesciua, mchanganyiko wa maharagwe, dengu na ngano iliyochemshwa, hutiwa mafuta ya zeituni na pilipili manga. Mkenya aliyekulia kwa githeri hahitaji mkalimani kukielewa chakula hiki. Mezani hapo, akiwa peke yake na bakuli lake, huenda akahisi kwa mara ya kwanza kwamba yuko mahali, na si mbele ya picha ya mahali.

Hoja hii ina kioo chake nyumbani. Malindi imekaliwa na Waitaliano kwa miongo mingi. Mwaka 1967 walirusha setilaiti ya San Marco 2 kutoka jukwaa lililosimikwa baharini kaskazini mwa mji huo. Vijana wa ufuoni wamejifunza Kiitaliano kwa ajili ya wageni hao. Lakini wapo wageni wanaofika na kuondoka bila kutoka nje ya ukuta wa hoteli, na wasiojua kwamba nje ya ukuta huo watu wanaoa, wanazika na kughani mashairi kwa Kiswahili. Wapenzi wa Kiswahili wamekuwa wakiisikitikia hali hiyo miaka mingi. Ingekuwa kinaya kikubwa iwapo Mkenya huyo huyo angevuka bahari na kuwafanyia Waliguria yale anayolalamika kutendewa Malindi.

Yapo pia mambo ya kiutendaji yanayompasa msafiri kuyapima. Wenye pasi ya Kenya huhitaji viza ya Schengen, ambayo ada yake kwa mtu mzima ilipandishwa hadi yuro 90 mwaka 2024, na mwombaji hutakiwa kuonyesha mahali atakapolala kabla hajapanda ndege. Kwa hiyo uamuzi wa makao hufanywa kutoka mbali, kwa kutegemea ramani na ratiba, na kosa lake ni ghali kulirekebisha. Ratiba yenyewe isomwe kwa makini: siku za kazi zina safari nyingi kuliko Jumapili na sikukuu. Tiketi za mabasi aghalabu huuzwa katika maduka ya tumbaku, na maduka hayo hufungwa, hivyo anunue ya kurudi pamoja na ya kwenda. Tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa sharti igongwe muhuri katika mashine ya stesheni kabla ya kupanda, la sivyo faini humngoja. Migomo nayo ni jambo la kawaida nchini humo. Hutangazwa mapema, na siku za kazi treni za mikoa zilizodhaminiwa na sheria hupita kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, na tena kati ya saa kumi na mbili na saa tatu usiku. Aliye katika mji wa stesheni huweza kuishi ndani ya saa hizo. Aliye juu ya genge huweza kukosa ndege yake.

Kutokana na hayo yote, vigezo vinavyopendekezwa ni vinne. Mosi, stesheni iwe ya kufikika kwa miguu kutoka chumbani, begi likiwa mgongoni. Pili, pawe na njia mbili au zaidi za kutoka, ili moja ikifungwa nyingine ibaki. Tatu, wenyeji wawe wanaishi humo mwaka mzima, na dalili yake ni soko, shule na duka la dawa. Nne, mgeni aweze kurudi usiku bila ya kumtegemea mtu. Mji unaotimiza manne haya huenda usipendeze machoni siku ya kwanza. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na mji usiojitangaza kwa kalenda pengine ni kwa sababu una kazi nyingine ya kufanya.

Mwisho, ikumbukwe kwamba kuchagua makao ni kuchagua pia namna ya kuwa mgeni. Msafiri asiye na gari anakwenda kwa mwendo wa wenyeji, anangoja pamoja nao, ananyeshewa pamoja nao. Huo ni utajiri ambao mwenye gari hana. Asiupoteze kwa kujifungia ndani ya picha. Na alale pale treni inaposimama, aamke mapema, aende akatazame uzuri wa magenge na bahari, kisha jioni arudi mahali ambapo mwuza matunda atamuuliza, kwa Kiitaliano cha taratibu, siku yake ilikuwaje.